Kamusi ya Kijerumani na Kiingereza na Msomaji wa Historia Yetu

Kamusi ya lugha mbili aghalabu hudhaniwa kuwa ni mizani. Neno hutiwa upande huu, na upande wa pili huwekwa neno la uzito ule ule, mizani ikatulia. Lau ingekuwa hivyo, kuchagua kamusi kungekuwa ni kuuliza bei tu, na kuitumia kungekuwa ni kujua mpango wa alfabeti. Lakini kila aliyewahi kufasiri ajua ya kuwa mizani hiyo haitulii. Kamusi hutungwa na mtu, kwa ajili ya watu fulani, katika mwaka fulani; na mambo hayo matatu yamo ndani ya kila ukurasa wake, hata kama hayakuandikwa. Katika makala haya nataka kuieleza habari hiyo kwa kamusi za namna moja tu, yaani kamusi za Kijerumani na Kiingereza, kwa sababu sehemu kubwa ya historia yetu imewekwa katika chumba ambacho ufunguo wake ni kamusi hizo.

Tokea mwaka 1885 hata Vita Kuu ya Kwanza, habari za nchi ambayo leo ni Tanzania Bara, pamoja na Rwanda na Burundi, ziliandikwa na watawala wake kwa Kijerumani. Amri, hukumu, hesabu za kodi, ripoti za mabwana wa wilaya, barua za wenye mashamba: zote ni za lugha hiyo. Baadhi ya nyaraka hizo zimehifadhiwa Dar es Salaam, na nyingine ziko Berlin. Hata orodha kubwa ya majalada ya Dar es Salaam, iliyochapwa Marburg mwaka 1973, imeandikwa kwa Kijerumani. Mwanafunzi wetu anayetaka kuzisoma amefunzwa Kiingereza tokea shule, nacho Kijerumani hukianza ukubwani. Kamusi ya zamani ya Büttner ya mwaka 1890, na ile ya Velten ya mwaka 1910, zilitungwa ili Mjerumani ajifunze Kiswahili, wala si ili Mswahili asome jalada la Kijerumani. Basi hushika kamusi ya Kijerumani na Kiingereza, kisha huyafasiri ya Kiingereza kwa Kiswahili. Kwa njia hiyo neno lapita bandari mbili kabla ya kufika kwetu, na katika kila bandari hutozwa ushuru.

Njia hiyo ya lugha tatu si mpya. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyefika Mombasa mwaka 1844 akitumwa na chama cha misheni cha Waingereza, aliandika kamusi ya Kiswahili ambayo maelezo yake ni ya Kiingereza. Ilichapwa London mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Ni kusema kwamba Kiswahili chenyewe kilipoingia katika kamusi kubwa, kiliingizwa kwa mkono wa Mjerumani na kwa maneno ya Kiingereza. Leo safari ni ile ile, ila twaiendea kutoka upande wa pili.

Na tutazame kwanza kamusi hizi zilitoka wapi. Mwaka 1706 Christian Ludwig alitoa kamusi ya Kiingereza, Kijerumani na Kifaransa katika mji wa Leipzig. Na mwaka 1716 akatoa nyingine iliyoanzia Kijerumani kwenda Kiingereza, katika mji huo huo. Kati ya mwaka 1783 na 1796 Johann Christoph Adelung, bingwa wa lugha ya Kijerumani, alitoa kamusi ya Kiingereza kwa ajili ya Wajerumani, akijenga juu ya kazi maarufu ya Samuel Johnson ya mwaka 1755. Baada yake alikuja Johannes Ebers, ambaye kamusi yake ilitoka kati ya mwaka 1796 na 1799, na mwaka 1830 Johann Gottfried Flügel, aliyekuwa amekaa Marekani miaka kadha. Wote hao walichapa Leipzig. Mji huo ulikuwa soko kuu la vitabu la Ujerumani, na Wajerumani walikuwa na hamu kubwa ya kusoma vitabu vya Waingereza. Kwa hiyo kamusi hizi, hata zikiwa na Kijerumani na Kiingereza pande zote mbili, shabaha yake kubwa ilikuwa ni kumhudumia Mjerumani.

Kazi kubwa kuliko hizo ilitoka Berlin kati ya mwaka 1891 na 1901 katika nyumba ya uchapaji ya Langenscheidt, nayo hujulikana kwa majina ya watungaji wake wawili, Eduard Muret na Daniel Sanders. Waingereza nao walikuwa na kamusi ya Cassell, iliyoanzishwa na Elizabeth Weir mwishoni mwa karne ya 19, ikatengenezwa upya na Karl Breul wa Chuo Kikuu cha Cambridge mwanzoni mwa karne ya 20, kisha ikaandikwa upya na Harold Betteridge mwaka 1957. Baadaye ikaja Collins ya mwaka 1980, na mwaka 1990 watu wa Oxford wakashirikiana na watu wa Duden wa Ujerumani kutoa kamusi moja kubwa ya pande zote mbili.

Msomaji ataniuliza: orodha hiyo yamfaa nini mtu anayetaka kununua kamusi? Yamfaa sana, kwa kuwa yamfundisha kuuliza swali la kwanza: kamusi hii ilitungwa kwa ajili ya nani? Mjerumani hahitaji kuambiwa kwamba meza katika lugha yake ni ya kiume, wala hana haja ya kufunzwa wingi wake. Aliyajua hayo kwa mama yake. Anachohitaji ni kuambiwa katika maneno manne ya Kiingereza lipi latumika mahali gani. Mwingereza naye ni kinyume chake: Kiingereza akijua, lakini jinsi na wingi wa kila jina la Kijerumani lazima aandikiwe. Sisi tulio nje ya lugha zote mbili twahitaji yote. Basi kabla ya kulipa fedha yako, fungua ukurasa wowote wa upande wa Kijerumani. Kama kila jina limepewa alama ya jinsi yake na mwisho wa wingi wake, na kama maana zimetengwa kwa nambari na kila maana kupewa mfano, kamusi hiyo yamfikiria mgeni. Kama hakuna ila safu ya maneno yaliyotengwa kwa alama za mkato, waache wenye lugha wainunue wao.

Swali la pili ni la umri. Watu wengi hudhani kamusi mpya ndiyo bora. Kwa barua ya leo ni kweli; kwa jalada la mwaka 1895 sivyo. Mwaka 1901 ulifanyika mkutano mjini Berlin wa kuweka tahajia moja kwa Wajerumani wote. Kabla ya hapo bonde liliandikwa Thal, sehemu iliandikwa Theil, na tendo liliandikwa That. Baada ya hapo yakawa Tal, Teil na Tat. Msomaji akiitafuta Theil katika kamusi ya mwaka 1990, huenda akadhani kwamba neno limekufa. Kumbe halikufa, limevua herufi moja tu. Mabadiliko mengine yalikuja mwaka 1996, kwa hiyo hata kamusi ya mwaka 1980 na ya leo hazilingani katika maandishi.

Tena kuna sura ya herufi zenyewe. Vitabu vingi na magazeti ya zama za ukoloni yalichapwa kwa herufi za Kigothi, ambazo serikali ya Ujerumani iliziondoa katika matumizi ya kawaida mwaka 1941. Katika herufi hizo s ya katikati yafanana na f, hata neno lesen, yaani kusoma, mgeni hulisoma lefen, akalitafuta siku nzima mahali lisipokuwapo. Herufi k na t hukaribiana, na zile kubwa B na V ni kama mapacha. Barua za mkono ni ngumu zaidi, maana e yao ni kama n yetu. Atakaye kusoma nyaraka hizi na ajizoeze herufi kwanza kwa juma moja au mawili, ndipo afungue kamusi.

Sasa tuingie katika kutumia. Mswahili ana maandalizi mema ambayo hayajui. Hakuna kwetu mtu anayelitafuta neno "walipigana" katika herufi W. Hujua kwamba lazima avue viambishi mpaka aufikie mzizi, piga. Kijerumani chataka kazi kama hiyo. Neno ging, yaani alikwenda, halikai mahali pa G-I bali chini ya gehen. Nahm, alichukua, liko chini ya nehmen. Na kama kwetu ngeli huweza kugeuza maana, na kwao jinsi hufanya hivyo. Steuer ya kike ni kodi. Steuer isiyo ya kike wala ya kiume ni usukani. See ya kiume ni ziwa; See ya kike ni bahari. Msafiri akiandika kwamba alipiga kambi am See, yuko Nyasa au Tanganyika au Viktoria. Akiandika an der See, yuko pwani. Asiyeangalia alama ndogo ya jinsi katika kamusi aweza kumhamisha msafiri maili mia kadha kwa kosa la herufi mbili.

Majina ya kuunganishwa nayo huwatisha watu bila sababu. Mwaka 1897 serikali ya Kijerumani ilitoa amri ya kodi ya nyumba na vibanda, ikaanza kutozwa mwaka 1898. Amri ya namna hiyo huitwa Hüttensteuerverordnung. Neno hilo lote huenda lisiwemo katika kamusi yoyote, lakini likatwe kuanzia mwisho: Verordnung ni amri, Steuer ni kodi, Hütten ni vibanda. Amri ya kodi ya vibanda! Kanuni ni hii: kichwa cha neno kiko mwisho, na yanayotangulia humweleza yule wa mwisho. Ni kinyume cha Kiswahili, ambacho hutanguliza kichwa kisha kikaongeza "ya" na "ya".

Vitenzi vingine hujigawa, kipande kimoja kikabaki mwanzoni na kingine kikatupwa mwisho wa sentensi. Tuseme imeandikwa kwamba gavana hob die Verordnung auf. Mwenye haraka hutafuta hob, akaambiwa ni heben, kuinua. Akaandika kwamba gavana aliinua amri. Lakini auf iliyoachwa mwisho ndiyo ya kwanza katika kamusi: aufheben. Nayo ina maana ya kuinua, na ya kutangua, na ya kuhifadhi. Je, gavana aliitangua amri au aliihifadhi? Kamusi yakupa yote matatu, kisha yakuachia. Hapo ndipo kazi ya msomaji huanza, nayo ni kuyatazama maneno ya jirani.

Yako pia maneno yanayomdanganya hasa yule anayepita kwenye Kiingereza. Gift kwa Mwingereza ni zawadi. Kwa Mjerumani ni sumu. Rat kwa Mwingereza ni panya. Kwa Mjerumani ni ushauri, au baraza, au diwani. Makosa hayo huchekesha, na kwa kuwa huchekesha huonekana mapema yakasahihishwa. Makosa ya hatari ni yale yasiyochekesha, ambayo kamusi yenyewe haikukosa hata kidogo.

Nitataja maneno matano. La kwanza ni Schutz. Kila kamusi itakuambia kwamba maana yake ni ulinzi, na ni kweli. Barua ya Kaisari ya tarehe 27 Februari 1885, iliyoipa kampuni ya Karl Peters mamlaka juu ya nchi za bara, iliitwa Schutzbrief, barua ya ulinzi. Nchi yenyewe iliitwa Schutzgebiet, na jeshi lililoundwa mwaka 1891 liliitwa Schutztruppe. Kamusi ya Kiingereza hugeuza Schutzgebiet kwa neno lile lile walilolitumia Waingereza kwa Unguja baada ya mwaka 1890, ambako Sultani alibaki katika kiti chake chini ya himaya. Msomaji akafikiri kwamba mambo ya Dar es Salaam yalikuwa kama ya Unguja. Sivyo. Dar es Salaam palikuwa na gavana aliyetawala kwa jina la Kaisari. Nchi ilikuwa koloni, na neno ulinzi lilikuwa ni nguo tu iliyovishwa.

La pili ni Eingeborene, mzaliwa wa mahali. Kupitia Kiingereza, twalifasiri "mwenyeji". Lakini katika Kiswahili mwenyeji ni mwenye mji. Ndiye anayekaribisha, na mgeni humwomba yeye ruhusa. Katika sheria za Kijerumani Eingeborene lilikuwa ni jina la daraja la watu waliohukumiwa kwa kanuni za peke yao, chini ya zile za Wazungu. Tukiandika mwenyeji bila kueleza, twawapa watu wale katika maandishi heshima ambayo sheria ilikuwa imewanyang'anya, na dhuluma yenyewe haionekani tena.

La tatu lafuatana na hilo. Amri ya Kansela ya tarehe 22 Aprili 1896 iliruhusu Eingeborene kupewa adhabu ya körperliche Züchtigung. Katika kamusi Züchtigung ni kurudi, kurekebisha, kutia adabu. Neno lenyewe ni ndugu wa Zucht, ambalo ni malezi na nidhamu, na tena ni ufugaji wa wanyama. Ukilifuata Kiingereza chake utaandika kwamba mtu "alirudiwa", kama mtoto kwa baba yake. Lakini amri iliweka idadi: hadi viboko 25 kwa mara moja. Wazee wetu hawakuihitaji kamusi. Waliita jambo hilo hamsa ishirini, na jina hilo likabaki kuwa kumbukumbu ya utawala wa Wadachi mpaka zama za wajukuu. Mfasiri aliyesoma kamusi tu ataandika adabu. Aliyeisikia lugha ya nchi atajua kwamba hapo pana damu.

La nne ni herrenlos, bila bwana. Kwa Kijerumani husemwa hata juu ya mbwa anayezurura. Amri ya tarehe 26 Novemba 1895 ilisema kwamba ardhi iliyo herrenlos ni mali ya taji, isipokuwa pale watu, machifu au jamaa za wenyeji watakapoonyesha haki yao. Fasiri iliyo tayari ni "ardhi isiyo na mwenyewe". Lakini shamba lililoachwa lipumzike miaka michache lina mwenyewe. Malisho ya msimu yana wenyewe. Mahali pa makaburi pana wenyewe zaidi kuliko popote. Neno moja katika amri ndilo lililoamua macho ya mpimaji yatazame nini na yapite nini. Mfasiri na aandike basi, "ardhi iliyohesabiwa na serikali kuwa haina mwenyewe." Maneno yameongezeka, lakini ukweli umerudi.

La tano ni Aufstand. Gavana Götzen aliandika kitabu juu ya mambo ya mwaka 1905 na 1906, kikachapwa Berlin mwaka 1909, na neno hilo limo katika jina la kitabu chake. Kamusi hutoa maasi, uasi, kuinuka. Kuasi ni kumvunjia utii mwenye haki ya kutiiwa. Sisi twasema Vita vya Maji Maji, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipokwenda mwaka 1968 kukusanya habari kwa wazee, walikuwa wakikusanya habari za vita. Serikali ya Kijerumani ilikadiria waliokufa kuwa 75,000. Mwanahistoria Gwassa alikadiria kuwa kati ya 250,000 na 300,000. Mfasiri wa Götzen hana ruhusa ya kubadili neno la Götzen. Aliandika uasi, na abaki na uasi wake. Ila mwanahistoria asilichukue neno hilo kutoka katika kamusi akaliingiza katika sentensi yake mwenyewe, akidhani ni lake.

Baada ya maneno hayo mazito, liko jambo la kufurahisha. Katika nyaraka hizi yamo maneno ambayo kamusi kubwa ya Kijerumani na Kiingereza yaweza isiyatambue, na mwanafunzi wa Berlin au London akwama. Schauri. Dorfschamben. Daua. Mswahili ayatamke tu kwa sauti: ni shauri, ni mashamba ya kijiji, ni dawa. Mashamba hayo ndiyo yale ya pamba ambayo watu walilazimishwa kuyalima kabla ya mwaka 1905, nayo yalikuwa miongoni mwa sababu za vita. Wajerumani waliyakopa maneno hayo wakayaandika kwa tahajia yao, wakayatia wingi wao. Ensaiklopidia ya makoloni iliyohaririwa na gavana wa mwisho, Heinrich Schnee, ikachapwa Leipzig mwaka 1920, yaeleza mengi ya namna hiyo, nayo yafaa iwe karibu na kamusi.

Kwa muhtasari, namshauri msomaji awe na kamusi mbili: moja ya umri wa jalada lake, kama ile ya Muret na Sanders, na moja ya siku hizi iliyomfikiria mgeni. Ya kwanza itamwambia neno lilikuwa na maana gani siku lilipoandikwa. Ya pili itamwonyesha jinsi, wingi na mifano. Akipata neno la Kiingereza, na aligeuze, alitafute katika upande wa pili wa kamusi, aone kama lamrudisha kwenye neno alilotoka nalo. Lisipomrudisha, asiliamini bado.

Zaidi ya hayo awe na daftari. Kila neno gumu aliandike pamoja na mwaka na jalada alilolikuta, na sentensi nzima iliyolibeba, kisha Kiswahili chake alichokipima mwenyewe. Madaftari ya wasomaji kumi yakikusanywa, tutakuwa na mwanzo wa kamusi ya Kijerumani na Kiswahili ya nyaraka za zama zile, iliyotungwa na wajukuu wa watu walioandikwa ndani yake. Katika kamusi hiyo, chini ya herufi Z, hamsa ishirini itapata mahali pake.